Mtu wa mafaili aliyekabidhiwa India

Mwanamke wa Unguja au Mombasa akivua bangili zake za dhahabu kwenda kuziweka rehani, majirani hawahitaji kuambiwa kwamba nyumba ile imepatwa. Dhahabu ndiyo hutoka mwisho. Wahindi wako vivyo hivyo, pengine kutushinda, na ndiyo maana habari za Julai 1991 ziliwachoma. Benki Kuu yao ilipakia kwenye ndege, kwa awamu, tani 46.91 za dhahabu ya taifa na kuiweka rehani kwa Benki ya Uingereza na Benki ya Japani, ili nchi ipate mkopo wa dola zipatazo milioni 400. Miezi miwili kabla yake, tani nyingine 20 zilikwisha kwenda kwa benki ya Uswisi. Nchi ya watu zaidi ya milioni 800, iliyomtoa Mwingereza mwaka 1947, sasa ilikuwa ikimpelekea dhahabu yake London kwa sababu fedha za kigeni zilizobaki zingetosha kununua bidhaa za nje kwa wiki mbili au tatu tu.

Waziri wa Fedha aliyeubeba msiba huo alikuwa bado mgeni kwenye kiti, na hakuwa mwanasiasa. Manmohan Singh alikuwa mtumishi wa umma mwenye umri wa miaka 58, mchumi wa sauti ndogo na kilemba cha buluu, Kalasinga wa Punjab ambaye hakuwahi kugombea hata udiwani. Hadi wakati huo alikuwa mwenyekiti wa tume inayosimamia vyuo vikuu. Waziri Mkuu mpya, P. V. Narasimha Rao, alimtaka kwanza I. G. Patel, gavana wa zamani wa Benki Kuu, naye Patel akakataa. Ndipo mjumbe akatumwa kwa Singh. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba hakuyatia maanani maneno ya mjumbe yule. Kesho yake asubuhi Rao akamsaka, akiwa na hasira, akamwambia avae vizuri aje Ikulu kuapishwa. Ilikuwa tarehe 21 Juni 1991.

Tangu Singh afariki mjini Delhi tarehe 26 Desemba 2024, akiwa na miaka 92, nimekuwa nikiirudia safari yake mara kwa mara. Naona ndani yake swali ambalo nchi zetu hazijalijibu. Mtumishi wa umma aliye bora akipandishwa hadi akawa mtawala, je, zile sifa zilizomfanya awe mtumishi bora zinamtosha? Jibu langu ni hapana, na nalitoa nikiwa namheshimu sana mtu huyu.

Alizaliwa tarehe 26 Septemba 1932 katika kijiji cha Gah, ambacho leo kiko Pakistan. Hakukuwa na umeme wala maji ya bomba. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo mno, akalelewa na bibi mzaa baba. Usiku alisoma kwa taa ya mafuta, na alipokuja kuulizwa kwa nini macho yake ni dhaifu, aliilaumu ile taa. Mwaka 1947 nchi ikapasuliwa vipande viwili, na familia yake ikawa miongoni mwa mamilioni waliohama makwao. Ikaanza upya Amritsar. Mtoto huyo wa wakimbizi alifika Cambridge, akatoka na daraja la kwanza katika uchumi mwaka 1957, kisha Oxford, akapata udaktari wake mwaka 1962.

Tasnifu yake ya Oxford ilihusu biashara ya India na nchi za nje, na mwaka 1964 ikatoka kama kitabu. Hoja yake ilikuwa kwamba India imekata tamaa mapema mno juu ya uwezo wake wa kuuza nje, na kwamba kujifungia ndani kutaichelewesha. Hapo naomba msomaji asimame nami kidogo. Mtu anaandika hoja hiyo mwaka 1964. Mwaka 1971 anaingia serikalini kama mshauri wa uchumi katika Wizara ya Biashara ya Nje, na serikali anayoitumikia inafanya karibu kila kitu kinyume cha hoja yake. Huo ndio wakati wa Waziri Mkuu Indira Gandhi, wakati wa leseni: kiwanda hakiwezi kuongeza uzalishaji bila kibali, mfanyabiashara hawezi kuagiza mashine bila muhuri, na muhuri wenyewe una bei yake chini ya meza. Singh anabaki. Mwaka 1972 anakuwa mshauri mkuu wa uchumi wa Wizara ya Fedha, mwaka 1976 Katibu wa wizara hiyo, mwaka 1982 Gavana wa Benki Kuu, mwaka 1985 Naibu Mwenyekiti wa Tume ya Mipango. Serikali zilizochukiana zilipokezana madaraka, na zote zilimkuta mezani, zikamwachia faili.

Wapo wanaosema huo ni unafiki, kwamba aliamini hivi akatenda vile. Mimi sikubali. Mtumishi wa umma anaandika ushauri wake, anatia saini, bosi anaamua, naye anatekeleza. Asiyeweza kuishi hivyo aende jukwaani akaombe kura. Singh aliishi hivyo miaka mingi, wazo lake likiwa kabatini, na aliweza kwa sababu alijifunza jambo moja kuliko yote: kutenganisha maoni yake na kazi yake. Utengano huo ulimjenga. Tutaona mbele ulivyomgharimu.

Mwaka 1987 alikwenda Geneva, na huko ndiko safari yake ilipokutana na ya kwetu. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa amestaafu urais wa Tanzania mwaka 1985, alipewa uenyekiti wa Tume ya Kusini, iliyokusanya watu 28 wa nchi zinazoendelea, kuitazama hali yao wenyewe. Alikuwemo Michael Manley wa Jamaika, na alikuwemo Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan mwenye Tuzo ya Nobel. Katibu Mkuu wa tume, mtu wa kuandaa karatasi, kupatanisha maneno na kuhakikisha kazi inakwisha, alikuwa Manmohan Singh. Kwa miaka mitatu Mwalimu na mtu wa mafaili walifanya kazi pamoja, hadi ripoti ikatoka mwaka 1990.

Ripoti hiyo imesahauliwa kwetu, nasi tumejidhulumu kwa kuisahau. Wengi wanadhani ilikuwa malalamiko ya maskini dhidi ya matajiri. Madeni na bei duni za mazao yetu zimo, na zimesemwa kwa ukali unaostahili. Lakini tume haikuwanyooshea kidole watu wa Kaskazini peke yao. Iliwaambia watawala wa Kusini kwamba wamejilimbikizia madaraka, wamevumilia ufisadi, wameendesha mashirika ya umma kwa hasara na kuwanyima wananchi sauti. Iliwaambia kwamba maendeleo ya mtu hayaletwi na mgeni. Kwa sisi wa rika la foleni za sukari na unga wa njano, tuliosoma kwa vibatari, kujua kwamba Mwalimu aliweka saini chini ya maneno hayo ni jambo zito. Alikuwa akijihukumu naye.

Miezi michache baadaye Singh akawa Waziri wa Fedha. Haraka namna hiyo, aliyekuwa katibu wa Mwalimu akashusha thamani ya rupia, akakopa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na kufungua milango ya soko. Je, alimsaliti Mwalimu, aliyekuwa amepambana na masharti ya shirika hilo hilo kwa miaka yote ya mwanzo ya themanini?

Tuangalie kwanza alichokikuta. Saddam Hussein aliivamia Kuwait Agosti 1990. Bei ya mafuta ikapanda, na Wahindi wapatao 170,000 waliokuwa wakifanya kazi Kuwait wakarudishwa nyumbani kwa ndege. Fedha walizokuwa wakituma kwa wazazi zikakatika siku moja. Serikali mbili za Delhi zilianguka ndani ya mwaka mmoja. Tarehe 21 Mei 1991, katikati ya kampeni za uchaguzi, waziri mkuu wa zamani Rajiv Gandhi aliuawa kwa bomu huko Sriperumbudur. Nakisi ya bajeti ilizidi asilimia 8 ya pato la taifa. Wakopeshaji walikuwa wameacha kujibu simu.

Singh alianza na rupia. Tarehe 1 Julai ilishushwa, na hatua ya pili ilipangwa tarehe 3. Usiku uliotangulia, Rao aliingiwa na woga kwa sababu kelele za wapinzani zilikuwa kubwa, akataka hatua ya pili isimamishwe. Asubuhi Singh akampigia C. Rangarajan, naibu gavana wa Benki Kuu. Rangarajan akamjibu kwamba amechelewa, tangazo lilikwisha kutoka. Inasemekana Singh hakusikitika. Tarehe 24 Julai akasoma bajeti, na siku hiyo hiyo serikali ikafuta leseni za viwanda isipokuwa kwa aina 18 tu. Mlima wa mihuri uliojengwa kwa miaka arobaini uliporomoshwa kwa mchana mmoja.

Kilichonivutia zaidi ni mbolea. Alipendekeza bei ya mbolea yenye ruzuku ipande kwa asilimia 40, na wabunge wa chama chake mwenyewe wakamjia juu, maana wakulima ndio wapiga kura wao. Akarudi hadi asilimia 30, na wakulima wadogo wakasamehewa. Mwanasiasa mzoefu angejua mapema kwamba asilimia 40 haitapita. Singh alijifunza kwa kupigwa. Nyuma yake, kila mara, alisimama Rao, mzee mkimya wa siasa za Andhra Pradesh, aliyepokea mishale, akayalainisha mambo chamani na kumwacha waziri wake afanye kazi. Wanaompa Singh peke yake sifa za 1991 wanamdhulumu Rao, na wanakosa pia kuelewa yaliyotokea miaka ishirini baadaye.

Kuhusu usaliti, basi, jibu langu ni kwamba hakusaliti, na sababu iko katika swali la nani alishika kalamu. India ilikopa IMF kama sisi tulivyokopa mwaka 1986 chini ya Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa. Lakini Delhi palikuwa na watu. Montek Singh Ahluwalia alikwisha kuandika waraka wa mageuzi mwaka 1990, kabla ya dhahabu kupanda ndege. Rangarajan alikuwepo. Walikuwepo wachumi wengine waliobishana juu ya jambo hilo tangu ujana wao. Wajumbe wa Washington walipoketi, upande wa pili wa meza walikuta watu wanaozijua hesabu za India kuliko wao. Ndiyo maana India ilifungua hapa na kufunga pale. Fedha za mitaji hazikuachwa ziingie na kutoka kama upepo, na benki kubwa za serikali hazikunadiwa. Haraka ilikuwa ya India yenyewe, na kusitasita kulikuwa kwake pia. Kujitegemea alikokuhubiri Mwalimu, mimi nakuona hapo, katika kuwa na watu wako wanaoweza kukataa sentensi ya mkopeshaji kwa sababu wameandika iliyo bora. Watu hao hawaokotwi siku ya msiba. Wanaandaliwa miaka thelathini, wanalipwa, wanaheshimiwa, na hawafukuzwi kila waziri anapobadilika.

Mwaka 1999 Singh aligombea kura za wananchi kwa mara ya kwanza na ya mwisho, jimbo la Delhi Kusini. Akashindwa. Maisha yake yote bungeni yalikuwa katika Baraza la Juu, ambako wajumbe huchaguliwa na mabunge ya majimbo.

Hapa ndipo mwaka 2004 ulipomkuta. Chama cha Congress kilishinda bila kutarajiwa, na Sonia Gandhi, aliyekiongoza, akakataa uwaziri mkuu, akampa Singh. Tarehe 22 Mei aliapishwa, Kalasinga wa kwanza kuishika nafasi hiyo, katika nchi ambayo miaka 20 tu nyuma Makalasinga kwa maelfu walichinjwa baada ya kuuawa kwa Indira Gandhi. Agosti 2005 alisimama bungeni akawaomba radhi Makalasinga na taifa zima, akasema anainamisha kichwa kwa aibu. Aliomba radhi kwa niaba ya serikali, yeye mwenyewe akiwa mmoja wa waliokosewa. Sijui kiongozi mwingine wa zama zetu aliyewahi kubeba pande zote mbili za radhi namna hiyo.

Miaka yake mitano ya kwanza ilikuwa na kheri nyingi. Mwaka 2005 ulileta sheria ya haki ya kupata taarifa, iliyompa mwanakijiji uwezo wa kuuliza fedha za barabara yake zimekwenda wapi, na sheria iliyoihakikishia kila kaya ya vijijini siku 100 za kazi ya kulipwa kwa mwaka. Uchumi ulikua kwa kasi ambayo India haikuwahi kuiona. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, kati ya 2005 na 2016 Wahindi zaidi ya milioni 270 walitoka katika umaskini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ni yake. Mwaka 2008, mara moja tu, aliweka kiti chake rehani: vyama vya mrengo wa kushoto vilijiondoa kwa sababu ya mkataba wa nyuklia na Marekani, akaitisha kura ya imani, akashinda kwa 275 dhidi ya 256. Hata siku hiyo, wabunge wa upinzani walimwaga mabunda ya noti mezani wakidai kwamba ni hongo waliyopewa ili wasipige kura.

Mabunda yale yalikuwa dalili. Mwaka 2010 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alisema kwamba ugawaji wa masafa ya simu uliofanywa mwaka 2008 na waziri wa mawasiliano, A. Raja, uliikosesha serikali fedha zinazoweza kufikia rupia trilioni 1.76. Mahakama ya Juu ikafuta leseni 122. Likafuata la vitalu vya makaa ya mawe, vilivyogawiwa bila mnada, na kwa sehemu ya kipindi hicho wizara ya makaa ilikuwa chini ya Singh mwenyewe. Haki inataka niseme kwamba mwaka 2017 mahakama iliwaachia huru washitakiwa wote wa kesi ya masafa, Raja akiwemo. Haki inataka niseme pia kwamba hakuna aliyemwona Singh akitia senti mfukoni. Lakini Waziri Mkuu haulizwi juu ya mfuko wake peke yake. Alizijua barua, aliyaona mafaili, na kuyasoma alikuwa hodari kuliko mtu yeyote katika serikali ile. Aliandika tahadhari zake kama katibu anavyomwandikia waziri, waziri akaendelea, naye akanyamaza. Bosi alikuwa yeye, na aliendelea kuishi kana kwamba bosi yuko chumba cha pili.

Kwa namna fulani alikuwepo kweli. Chama kilikuwa cha Sonia Gandhi, na mawaziri walijua nani anayewaweka. Septemba 2013, Singh akiwa ziarani Marekani, Rahul Gandhi, mwana wa Sonia, alisema hadharani kwamba amri iliyopitishwa na baraza la mawaziri, ya kuwalinda wabunge waliotiwa hatiani, ni upuuzi wa kuchanwa. Kuhusu amri yenyewe, Rahul alikuwa sahihi. Lakini mtu aliyedharauliwa namna ile mbele ya dunia alikuwa na nafasi ya kujiuzulu na kuondoka na heshima yake yote. Hakujiuzulu. Kabla ya hapo, alipobanwa kuhusu makaa ya mawe, alikwisha kujibu kwa beti zinazosifu ukimya.

Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha mwaka 1991 kilikuwa nao: nyuma yake zilikuwepo hesabu, na mbele yake alikuwepo Rao wa kuongea. Cha mwaka 2010 hakikuwa na kitu nyuma yake, na walioujaza uwazi huo ni wengine, wenye sauti kubwa na ahadi kubwa zaidi, walioichukua India Mei 2014 na hawajaiachia. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu naamini kwamba mtu yule alikuwa mwema. Wema wake ulimfanya asitake kumwaibisha mtu. Nchi ilihitaji watu fulani waaibishwe.

Mei 2011, akitoka kwenye mkutano wa India na Afrika uliofanyika Addis Ababa, alikuja Dar es Salaam, Rais Jakaya Kikwete akampokea. Sidhani wengi wetu tulikumbuka kwamba mgeni yule wa kilemba ndiye aliyekuwa katibu wa Mwalimu kule Geneva. Walimu wa vyuo vyetu na vijana walioajiriwa Hazina juzi, nawaomba muitafute ripoti ile ya 1990, muisome kama kazi ya nyumbani kwenu.

Singh hakustaafu ubunge hadi Aprili 2024. Tarehe 7 Agosti 2023, akiwa na miaka 90, aliletwa ndani ya Baraza la Juu kwa kiti cha magurudumu, akakaa humo hadi usiku, kwa sababu palikuwa na mswada wa kuipunguzia serikali ya Delhi mamlaka juu ya watumishi wake wa umma. Upande wake ulishindwa kwa kura 102 dhidi ya 131. Yake ilikuwemo katika zile 102.